Kupanda milima na mbwa ukitokea Nairobi

Ukitaka kupanda mlima na mbwa, anza kwa kufuta. Mlima Kenya, Longonot, Aberdare, Ol Donyo Sabuk na Hell's Gate ni hifadhi za taifa zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na huko mbwa haingii: si kwa kamba, si ndani ya gari, si kwa kumbembeleza askari wa lango. Ukivuka mpaka kwenda Kilimanjaro, sheria ni hiyo hiyo. Wengi huona ni ukali wa bure, ila sababu ipo. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa kawaida wa mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuupeleka. Kichaa cha mbwa nacho hupita kati ya mbwa wa nyumbani na wanyama wa porini.

Msitu unaoizunguka Aberdare nao uache, hata pale lango linaposimamiwa na KFS, shirika la misitu la Kenya. Ua wa umeme uliokamilika mwaka 2009 uliuzingira msitu pamoja na hifadhi, kwa hiyo tembo na nyati wako pande zote mbili za mpaka unaouona kwenye ramani.

Kinachobaki si haba. Karibu kabisa kuna Vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake Lamwia kina mita 2,460. Kuna Iveti na vilima vingine vya Machakos, ambako njia hupita kando ya mashamba. Kuna Lukenya, ambako sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi na ni lazima uombe ruhusa. Kuna Mlima Suswa, ambao uko mikononi mwa jamii ya Wamaasai wanaoishi pale. Kabla ya kufunga mzigo piga simu uulize maswali mawili, si moja: mbwa anaruhusiwa kuingia? Na mbwa anaruhusiwa kulala? Majibu huweza kutofautiana, na la pili ndilo watu husahau mpaka jioni wamefika na hema. Ada za misitu ya KFS hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Lipia ukiwa bado mjini, maana mtandao wa langoni ni bahati nasibu.

Mbwa wa geti si mbwa wa mlima

Mbwa wengi wa Nairobi hufungiwa kwenye banda mchana na kufunguliwa usiku walinde boma. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuonekana shupavu, kifua kipana, sauti ya kutikisa madirisha, lakini hajawahi kutembea kilomita tano mfululizo. Nyayo zake ni laini kwa sababu anakanyaga saruji na nyasi tu. Hajawahi kuona mbuzi. Kumpeleka Ngong moja kwa moja Jumamosi ni kumtesa, na yeye hatakuambia. Mbwa humfuata mwenyewe hadi miguu ikatike. Atatembea kwenye nyayo zilizochubuka na bado atatikisa mkia.

Umri: asibebe mzigo wala asipande miteremko mikali kabla mifupa haijamaliza kukua, yaani karibu miezi 12 kwa mbwa mdogo na 18 kwa mbwa mkubwa kama German Shepherd, Rottweiler au Boerboel. Wenye pua fupi, kama Pug na Bulldog, waache nyumbani kabisa, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kutweta na hao njia yao ya hewa ni finyu. Japanese Spitz, ambao wamejaa mitaa ya Nairobi, hutembea vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila manyoya yao mazito hukusanya miiba na kuficha kupe. Yule anayeitwa koko, mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi na kilo 15 hadi 20, mara nyingi huwashinda wote.

Pitisha vidole ubavuni mwake. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzisikie mbavu, ni mnene, mpunguze kwanza. Jike aliye kwenye joto asiende popote, la sivyo utaongoza msafara wa madume wa kijiji kizima.

Mazoezi yachukue wiki nane. Wiki mbili za kwanza, kilomita nne au tano mara tatu kwa wiki. Msitu wa Karura hapo Nairobi unafaa, mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba na njia zake za murram, yaani udongo wenye changarawe, ndizo zinazokomaza nyayo. Lami haikomazi, inachoma. Wiki ya tatu na ya nne ongeza hadi kilomita nane, na umvishe begi lake likiwa tupu ili alizoee. Wiki ya tano na ya sita, kilomita 10 hadi 12 zenye vilima, begi likiwa na uzito mdogo. Wiki ya saba nenda nusu ya njia ya Ngong na urudi. Ya nane mpumzishe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Kama ni ya kwanza, ichomwe angalau wiki tatu kabla ya safari, kwa sababu kinga haijengeki siku ile ile ya sindano. Ukambani ugonjwa huu umekaa miaka mingi, na mbwa wa kijijini hatakuuliza kama wako amechanjwa kabla ya kumrukia. Ongeza chanjo ya mchanganyiko ya distempa, pavo na leptospira, hasa ya mwisho, ambayo huenezwa na mkojo wa panya na mifugo kwenye maji yaliyotuama. Cheti kipige picha kiwe kwenye simu.

Kamba kwanza, mengine baadaye

Kama kuna kitu kimoja cha kununua kizuri, ni hanesi, yaani mikanda ya kuvaa kifuani na mgongoni, na kamba. Kola peke yake haifai mlimani: mbwa akiteleza kwenye ukingo, kola inamnyonga. Chagua hanesi yenye mshikio mgongoni, wa kumwinulia kwenye mwamba kama begi, na uijaribu nyumbani: vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi, na asiweze kujivua akirudi kinyumenyume. Hapo ndipo hanesi nyingi za bei rahisi hushindwa. Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2, na ifungwe kwenye mkanda wa kiunoni wakati wa kupanda ili mikono ibaki huru. Wakati wa kuteremka ifungue kutoka kiunoni uishike mkononi. Mbwa akivuta ghafla kwenye mteremko wa kokoto, mnaanguka wote wawili. Zile kamba zinazojikunja ndani ya kishikio cha plastiki ziache kwenye bustani.

Kamba haifunguliwi. Si kwa sababu mbwa ni mbaya, ni kwa sababu ya walio mlimani kabla yenu. Kwenye vichaka vya miteremko ya Ngong kuna nyati. Mbwa aliyefunguliwa hunusa, hubweka, nyati humkimbiza, na mbwa hukimbilia penye usalama, yaani kwako. Umeletewa nyati hadi miguuni. Nyani nao wasikudanganye kwa kuonekana wacheshi: dume la nyani lina meno marefu kuliko ya mbwa na hupigana kwa mikono. Nungunungu huacha miiba usoni. Na chui, ambaye huwezi kumwona, anapenda nyama ya mbwa kuliko nyingi nyingine.

Mifugo ni jambo lenye gharama zaidi, kwa sababu utakutana nayo kila safari. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Wamaasai hulisha Ngong na Suswa. Ukiona kundi mbele, fupisha kamba iwe nusu mita, simama, msalimu mchungaji na umuulize upite upande gani. Yeye anajua kundi litaelekea wapi. Kaa upande wa chini wa mteremko, mbwa akae kitako, acha kundi lipite. Kondoo mwenye mimba aliyekimbizwa anaweza kuharibu mimba hata bila kuguswa. Mbuzi akiumwa, utalipa, na bei yake hapo mlimani haitakuwa ya sokoni. Mbwa wa mchungaji akija kwa kasi, usimwinue wako juu, maana yule ataruka. Mweke nyuma yako, simama wima na umwache mwenyewe amwite.

Watu pia. Mwananchi wa Nairobi amelelewa akisoma "mbwa kali" kwenye kila geti, na wengine kwa sababu za dini hawataki mate ya mbwa yaguse nguo zao. Kikundi kikija, toka njiani. Maneno "haumi huyo" hayajawahi kumtuliza mtu.

Maji, na joto linaloua

Mgongo wa Ngong kutoka lango la KFS lililo juu ya mji wa Ngong hadi Kona Baridi ni karibu kilomita 11, na juu kule hakuna kijito. Miti ni michache. Upepo ni mwingi, na ndio unaodanganya: mtu anaona baridi kumbe mbwa, aliye karibu na ardhi na aliyevaa koti la manyoya, anachemka.

Hesabu ya maji ni hii. Mbwa akiwa amepumzika huhitaji takriban mililita 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akitembea juani zidisha mara mbili. Mbwa wa kilo 25 basi ni lita 1.5 akiwa nyumbani na lita tatu siku ya mlima. Beba lita mbili njiani na nyingine iachwe kwenye gari la kuwachukua upande wa pili. Usingoje aonyeshe kiu: mpe mililita 150 hadi 200, kama kikombe kidogo cha chai, kila baada ya dakika 20 au 30, kwenye bakuli la kitambaa linalokunjwa. Akigugumia nusu lita kwa mkupuo mmoja atatapika na utakuwa umepoteza maji na muda.

Chupa zisiwe zile za plastiki za dukani. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na misitu tangu tarehe 5 Juni 2020. Tumia chupa za chuma au zile ngumu za kujaza tena. Maji ya mabwawa ya ng'ombe asiyanywe, hata yakionekana safi.

Anzeni mapema, mara lango linapofunguliwa, na saa tano asubuhi muwe mmeshapita vilele vikuu. Juni hadi Agosti, Nairobi inapojifunika mawingu na watu wanalalamika baridi, ndio msimu bora wa mbwa. Januari na Februari ni jua kali. Fanya nusu ya njia tu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tope la Ngong hugeuka sabuni na radi za alasiri huupiga mgongo ule usio na kimbilio.

Weka kiganja, upande wa nyuma, kwenye mwamba au vumbi kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia haziwezi.

Kuzidiwa na joto huanza kimyakimya. Mbwa anatafuta kivuli cha kila kichaka, anabaki nyuma, ulimi unatoka mrefu na kupanuka nchani, mate yanakuwa mazito kama ute wa bamia. Hapo bado una muda: simameni kivulini dakika 20, mpe maji kidogo kidogo, kisha mrudi mlikotoka, msiendelee. Akifikia kuyumba, ufizi kuwa mwekundu kama nyama mbichi, kutapika au kuharisha, hiyo ni dharura. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, likipita 40.5 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Fanya hivi, haraka:

1. Mweke kivulini, mvue begi na hanesi.
2. Mmwagie maji yote mliyo nayo, hata ya kwenu ya kunywa, tumboni, kwapani na kati ya mapaja. Maji ya kawaida yanatosha.
3. Mpepee bila kukoma, kwa kofia, kwa shuka, kwa chochote. Upepo juu ya manyoya yaliyolowa ndio unaopoza.
4. Usimfunike na kitambaa kilicholowa ukakiacha. Baada ya dakika chache kinakuwa blanketi la mvuke.
5. Pima joto njia ya haja kubwa kila dakika tano. Likishuka hadi 39.5 acha kumwagia, la sivyo atapitiliza na kuganda.
6. Mpeleke kwa daktari hata akisimama na kutembea. Figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Mzigo na chakula

Begi la mbwa lianze na asilimia 10 ya uzito wake, na hata kwa mbwa aliyezoea lisizidi asilimia 20. Kwa yule wa kilo 25 hiyo ni kilo mbili na nusu, pamoja na begi lenyewe. Kinachobaki ni chupa mbili za mililita 750, moja kila upande. Ukimnywesha, toa kutoka pande zote mbili kwa usawa. Begi likilalia upande mmoja linachubua kwapa ndani ya saa moja. Inua begi kila mnapopumzika uangalie ngozi chini ya mikanda.

Siku ya mlima chakula kiongezeke kwa nusu, na kama ni siku mbili mfululizo karibu mara mbili. Asubuhi mpe kidogo tu, zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya kuanza. Mlo mkubwa ni wa jioni, akishapumzika kwa muda wa saa moja. Sababu ni tumbo kujaa gesi na kujisokota, jambo linalowapata zaidi mbwa wenye kifua kirefu kama German Shepherd, Ridgeback na Great Dane. Dalili zake ni tumbo kuvimba kama ngoma na mbwa kujaribu kutapika bila kitu kutoka. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Ni upasuaji, na saa zinahesabika.

Ugali aliouzoea nyumbani ni mzito kubeba na huchacha usiku mmoja. Chakula kikavu cha mbwa ndicho chepesi. Kama hakijui, kichanganye kwenye mlo wake kwa siku saba kabla ya safari, usimwanzishie mlimani. Omena mkavu, konzi moja, hufanya kazi nzuri kama kitoweo na kama zawadi ya kumwita. Mchuzi wenu usimpe, kwa sababu ya vitunguu, vinavyoharibu chembe za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku au ya nyama choma mliyokula Kona Baridi isimfikie pia: mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Zabibu kavu na chokoleti ni sumu.

Kinyesi chake kifukie kwenye shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji na njia. Karibu na lango na mahali pa kupumzikia, kiokote kwa gazeti na ukibebe kwenye kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki si ya kuingia nayo msituni.

Miguu

Kata kucha siku tano kabla, si asubuhi ya safari. Kila mnaposimama pitisha kidole kati ya vidole vyake vyote. Miiba ya migunga huingia ikakatika ndani, na juu unaona tundu tu. Kibanio chenye ncha ndicho hutoa, na kama mwiba umezama usichokonoe, funga na mrudi. Mbwa anayelamba mguu mmoja mara kwa mara ameshakuonyesha.

Nyayo ikichubuka: osha, kausha, weka shashi isiyoshika kidonda, zungushia bandeji bila kukaza, kisha soksi ya mtoto na utepe juu yake, usibane manyoya. Viatu vya mbwa ni vizuri kwenye mawe ya volkeno ya Suswa, ambayo ni kama msasa, lakini avivae nyumbani wiki mbili kwanza. Siku ya kwanza atatembea kama kuku aliyekanyaga matope, atazoea.

Kulala mlimani

Hema la watu wawili ni la mtu mmoja na mbwa mmoja. Mbwa hulala ndani, kamba ikiwa mkononi mwako au imefungwa kwenye begi zito. Kumfunga nje kwenye mti ni kumtundikia fisi na chui chakula. Tandika shuka nene sakafuni kucha zisitoboe, na chini yake kipande cha sponji. Mbwa mwenye manyoya mafupi hupoteza joto jingi ardhini, na usiku wa Suswa hauna huruma ya mchana wake. Akitetemeka, mvishe sweta kuukuu.

Akitaka kwenda haja usiku, kamba na tochi, na umulike kwanza mzunguko mzima. Macho yakiwaka gizani, rudini ndani. Asiachwe kula mzoga wowote. Maeneo ya wafugaji mizoga wakati mwingine hutiwa sumu kwa ajili ya fisi na simba, na mbwa hufa kabla hamjafika barabarani. Hata usio na sumu unaweza kumpa tegu, na yule mdogo anayeishi kwa mbwa huacha mayai yanayosababisha uvimbe wenye maji ndani ya mwili wa mtu, ugonjwa unaojulikana sana Turkana na Umaasaini. Akiwahi kula matumbo mabichi, mpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ushauri wa daktari.

Shuka ile ya Kimaasai usiione ni pambo. Ni kivuli, ni blanketi, na ni machela: watu wawili wakishika pembe nne humbeba mbwa wa kilo 30 hadi barabarani. Ukiwa peke yako na mbwa mdogo, ifunge kama mbeleko.

Kwenye mfuko wa huduma ya kwanza weka shashi, bandeji mbili, utepe, maji ya chumvi ya hospitali, kipima joto, kibanio, koleo dogo na glavu. Dawa zako za maumivu zisimkaribie: Panadol, Brufen na Diclofenac humuua mbwa au kumharibu ini, figo na tumbo. Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda, kwa hiyo mfunge mdomo kwa bandeji kabla ya kumtibu: kitanzi juu ya pua, vuka chini ya kidevu, fungia nyuma ya masikio. Usimfunge anayetapika au anayehema kwa shida.

Akiumwa na nyoka aina ya moma, ambaye hulala njiani bila kusogea, asitembee hata hatua moja. Usikate, usinyonye, usikaze kamba juu ya jeraha. Vua kola na hanesi kwa sababu atavimba, mbebe, na upige simu kwa daktari ukiwa bado njiani ili aanze kutafuta dawa. Fira akimtemea machoni, osha kwa maji mengi safi dakika 15. Namba ya daktari wako na ya kliniki nyingine inayopokea dharura ziwe kwenye simu kabla ya kutoka. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, ila uliza saa zake za kazi mapema. Mbwa mgeni akimwuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mwende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Kupe

Matembezi huisha Jumapili jioni, kazi ya kupe huendelea wiki tatu. Nyasi zinazolishwa ng'ombe ndizo nyumba yao, na kutoka kwao mbwa wa Kenya hupata babesia na erlikia, ambazo wengi huziita homa ya kupe.

Kinga ni ya kabla. Vidonge vya kutafuna, vya mwezi mmoja au vya wiki 12, apewe angalau siku mbili kabla ya safari. Fahamu vinavyofanya kazi: havimfukuzi kupe, vinamuua akishauma. Kwa hiyo utawaona na si lazima dawa imeshindwa. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari kujua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, inayouzwa kila duka la kilimo, si ya kukadiria kwa kifuniko cha soda; watoto wa mbwa na mbwa wadogo hufa nayo.

Mkague mara mbili, kabla hajapanda gari na tena nyumbani, ukipapasa kinyume cha manyoya: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kumtoa kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta wima polepole bila kuzungusha, kisha mtie kwenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa, maana hutapika alichonacho ndani ya jeraha. Usimpasue kwa kucha. Babesia kwa kawaida huhitaji kupe awe ameng'ang'ania siku moja hadi mbili ndipo ipite, hivyo ukaguzi wa jioni ile ile una thamani kuliko kidonge cha baadaye.

Mpumzishe siku mbili, matembezi mafupi tu ya kujisaidia. Kisha weka kikumbusho kwenye simu: siku ya 10 na siku ya 21. Siku hizo inua mdomo wake uangalie ufizi, na asubuhi angalia mkojo. Ufizi ukiwa mweupe au wa njano, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au akikataa chakula alichozoea, apimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari alipanda mlima gani na lini.